Kusakafia Njia ya Gari na Kibaraza cha Nje: Hesabu Huanzia Chini ya Zege



Katika kata zetu za Kibaha na Kisarawe, nyumba nyingi hujengwa kwa awamu. Hutangulia kiwanja, ukafuata msingi, kuta na paa. Familia ikahamia, na mwaka mmoja au miwili baadaye ikafika zamu ya uwanja wa nje. Kufikia hapo fedha imepungua na subira imekwisha. Tope la masika limewachosha watu, gari linakwama langoni, wageni wanavulia viatu mbali na mlango. Mwenye nyumba humwita fundi, humuuliza inahitajika mifuko mingapi ya saruji, huinunua, na zege humwagwa siku moja likaisha.

Masika ya kwanza hupita salama. Masika ya pili huonyesha nyufa. Ukingo wa njia ya gari huning'inia juu ya shimo lililochimbwa na maji, na kibaraza kilichotarajiwa kuwa mahali pa kupumzikia jioni hurudisha maji kwenye ukuta wa nyumba. Akiba ya miaka imekwisha, na kazi inatakiwa kuvunjwa.

Mara nyingi lawama hupewa saruji au fundi. Lakini chanzo huwa kimetangulia siku ya kumwaga zege: iliulizwa bei ya zege, haikuulizwa bei ya ardhi iliyo chini yake, ya maji yatakayopita juu yake, wala ya siku saba za kulitunza baada ya kumwagwa. Makala haya yanaeleza namna ya kuandaa makadirio yanayobeba mambo hayo yote. Hatutaji bei, kwa kuwa bei ya saruji, mchanga na kokoto hubadilika kwa msimu na kwa umbali. Tunataja viasi, ambavyo havibadiliki. Mkazi akishapata kiasi, atazidisha kwa bei ya siku hiyo katika duka lililo karibu naye.

Pima unachohitaji, si ulichonacho

Chukua kamba, mambo na futi ya kupimia. Chora ardhini mahali gari litakapopita na mahali watu watakapokaa. Kwa gari dogo, upana wa mita 3 unatosha. Kuongeza hadi mita 4 bila sababu ni kuongeza theluthi nzima ya gharama. Kibaraza cha mita 5 kwa 4 hubeba meza, viti na watoto wakicheza.

Kabla ya kuamua unene, jiulize swali moja: ni gari gani zito zaidi litakalopita hapa? Katika maeneo yetu mengi majitaka huhifadhiwa kwenye mashimo ya nyumbani, na siku moja gari la kunyonya majitaka litahitaji kuingia. Boza la maji nalo huingia pale mgao unapokuwa mrefu. Njia inayokanyagwa na gari dogo tu, juu ya ardhi iliyoshindiliwa vizuri, huhitaji zege lenye unene wa sentimita 10 hadi 12.5. Njia itakayopitwa na lori huhitaji sentimita 15 au zaidi. Kibaraza cha kukalia hutosheka na sentimita 10. Ikiwa lori litaingia mara moja moja tu, huenda ni nafuu zaidi kuliachia njia yake ya moramu pembeni kuliko kuunenepesha uwanja mzima.

Ardhi iliyo chini

Zege ni gumu likibanwa, lakini ni dhaifu likipindwa. Linalala juu ya ardhi kama kigae kinavyolala juu ya meza. Meza ikibonyea upande mmoja, kigae hupasuka. Kwa hiyo fungu la kwanza la fedha liende kwenye meza.

Ardhi ya maeneo yetu si ya aina moja. Kuna viwanja vya mchanga, ambavyo hupitisha maji haraka lakini huchukuliwa na maji kingo zisipozuiwa. Kuna udongo wa mfinyanzi, na mabondeni kuelekea Mto Ruvu kuna udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Kwenye miinuko ya Kisarawe, tatizo kubwa ni mteremko wenyewe. Mwenye udongo mweusi aondoe udongo mwingi zaidi na kujaza kifusi kizuri. Mwenye mchanga aweke kingo imara. Mwenye mteremko afikirie maji kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa wote, kazi ya chini ni ileile: ondoa udongo wa juu wenye mizizi na takataka, jaza moramu au kifusi safi, mwagia maji kidogo, kisha shindilia kwa tabaka zisizozidi sentimita 10 hadi 15. Mashine ya kushindilia hukodishwa kwa siku na hufanya kwa saa chache kazi ambayo mikono huimaliza kwa siku nzima, tena nusunusu.

Kazi hii huonekana kama gharama ya ziada, lakini hulipa palepale. Kwenye njia ya mita za mraba 36, kila sentimita moja ambayo ardhi imebonyea hula takribani mifuko mitatu ya saruji pamoja na mchanga na kokoto zake. Ardhi isiyosawazishwa, yenye upungufu wa wastani wa sentimita 3, humeza mifuko tisa ambayo hakuna aliyeipangia. Moramu ni nafuu kuliko zege. Shimo lizibwe kwa moramu.

Hesabu ya zege kwa mfano

Tuchukue kaya moja yenye njia ya gari ya mita 12 kwa 3 na kibaraza cha mita 5 kwa 4.

Njia ya gari ina mita za mraba 36. Kwa unene wa sentimita 12.5, zege lake ni mita za ujazo 4.5. Kwa sababu inabeba gari, tunatumia mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 1½ na kokoto 3. Kila mita ya ujazo ya mchanganyiko huo huhitaji takribani mifuko 8 ya saruji ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 0.42 na kokoto mita za ujazo 0.84. Jumla ni mifuko 36, mchanga 1.9 na kokoto 3.8. Tukiongeza asilimia 10 kwa upotevu, tunapata mifuko 40, mchanga 2.1 na kokoto 4.2.

Kibaraza kina mita za mraba 20. Kwa unene wa sentimita 10, zege lake ni mita za ujazo 2. Hapa mchanganyiko wa 1 kwa 2 kwa 4 unatosha, nao huhitaji takribani mifuko 6.4 kwa kila mita ya ujazo. Pamoja na upotevu, ni mifuko 14, mchanga mita za ujazo 1 na kokoto mita za ujazo 2.

Jumla ya kazi nzima, basi, ni mifuko 54 ya saruji, mchanga mita za ujazo 3.1 na kokoto mita za ujazo 6.2. Moramu ya unene wa sentimita 10 chini ya eneo lote la mita za mraba 56 ni mita za ujazo 5.6 ikiwa imeshindiliwa. Kwa kuwa moramu hupungua inaposhindiliwa, agiza takribani mita za ujazo 7.

Mambo matatu yachungwe wakati wa kununua. Kwanza, mchanga na kokoto huuzwa kwa tripu, na tripu si kipimo. Pima urefu, upana na kina cha bodi ya gari, zidisha, ndipo ujue umenunua mita za ujazo ngapi. Pili, mfuko wa saruji uwe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, usiwe na mabonge magumu, na uhifadhiwe juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu yenye unyevu. Tatu, dai risiti ya kielektroniki. Ni wajibu wako kisheria, na pia ni ushahidi wako bidhaa ikionekana kuwa na kasoro.

Kwenye kuchanganya, ndoo ya lita 20 ndiyo mizani ya mkazi. Mfuko mmoja wa saruji una ujazo wa takribani lita 35. Kwa mchanganyiko wa 1 kwa 2 kwa 4, mfuko mmoja huenda na ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto. Kwa mchanganyiko wa njia ya gari, ni ndoo zipatazo mbili na nusu za mchanga na tano na robo za kokoto. Ukihesabu kwa koleo, hutajua ulichokichanganya.

Maji ya kuchanganyia na maji ya kunyweshea

Maji ni kifungu kinachosahaulika zaidi katika makadirio. Mfuko mmoja huhitaji takribani lita 25, na pungufu zaidi mchanga ukiwa umelowa. Kwa mifuko 54 ni kama lita 1,350. Zege likimiminika kama uji, ni rahisi kulisambaza, lakini maji ya ziada yakikauka huacha vijitundu ndani yake, na uso wake huanza kuchanika na kumong'onyoka. Usikubali ndoo ya ziada "ili kazi iwe nyepesi".

Baada ya kumwagwa, zege halikauki tu kama nguo. Hukomaa kwa kunywa maji. Linyweshewe kwa siku zisizopungua 7, likiwa limefunikwa kwa magunia yaliyolowa au karatasi ya nailoni. Ukikadiria lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, eneo letu la mita za mraba 56 litahitaji karibu lita 2,000 kwa wiki nzima. Ukijumlisha na maji ya kuchanganyia, unahitaji zaidi ya lita 3,300. Kama maji ya bomba hutoka kwa zamu mtaani kwako, jaza matangi kabla, au weka bei ya boza katika hesabu. Zege lililoachwa likaungua jua siku ya pili limepoteza sehemu ya nguvu iliyokwisha kulipiwa.

Watu wanaweza kulikanyaga kwa uangalifu baada ya siku moja au mbili. Gari dogo lisubiri siku 7 hadi 10. Lori lisubiri siku 28.

Maji ya mvua: yaende wapi?

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 50 kwa siku, ambayo si ngeni kwetu wakati wa masika, ikinyesha juu ya sakafu yetu ya mita za mraba 56 hutoa lita 2,800. Awali maji hayo yalinywewa na ardhi. Sasa yote yatatiririka, na yatafuata njia uliyoyachorea, kwa kujua au kwa kutojua.

Sakafu iinamie mbali na nyumba kwa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Kibaraza chetu chenye urefu wa mita 5, kwa mwinamo wa sentimita 2, kitakuwa chini kwa sentimita 10 upande wa mbali. Hakikisha fundi amepima kwa mpira wa maji au pima maji, wala si kwa jicho. Uso wa sakafu ubaki chini ya usawa wa sakafu ya ndani ya nyumba, ili mvua ya upepo isiingie mlangoni.

Kisha fuata maji hadi mwisho wake. Yakielekezwa kwa jirani wa chini, utakuwa umemwachia hasara na umejinunulia ugomvi. Yakiachwa yadondoke kwenye ukingo wa mchanga, yatachimba korongo litakalorudi kula sakafu yenyewe. Yapeleke kwenye bustani, kwenye shimo lililojazwa mawe, au kwenye mtaro kwa utaratibu unaokubalika. Kwenye miinuko, weka mfereji mdogo unaokatiza njia ya gari kabla ya lango, maji yasipate kasi.

Vitu vidogo vyenye kazi kubwa

Makadirio kamili yawe pia na mbao za kingo na misumari, karatasi ya nailoni ya kutandika chini ya zege, ukodishaji wa mashine ya kuchanganyia, na viungo. Zege lazima lisinyae. Ukiliwekea viungo, litapasuka pale ulipotaka lipasuke. Kwa unene wa sentimita 12.5, kata kiungo kila baada ya mita 3, kina chake kikiwa robo ya unene, yaani kama sentimita 3. Njia yetu ya mita 12 itakuwa na vipande vinne vya mita 3 kwa 3 na viungo vitatu. Mahali sakafu inapokutana na ukuta wa nyumba au nguzo ya lango, weka kitenganishi laini chembamba, ili sakafu ikisogea isivute ukuta.

Wavu wa nondo husaidia kuzuia nyufa zisipanuke, lakini hauchukui nafasi ya unene wala ya kushindilia. Ukiuweka, uinuliwe juu ya vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, ukae nusu ya juu ya zege. Wavu uliolala chini kwenye nailoni ni fedha iliyozikwa.

Kabla ya kumwaga, pitisha mabomba matupu chini ya njia kwa ajili ya maji na umeme wa baadaye. Bomba hilo moja litakuokoa usije ukavunja sakafu mpya kwa tindo.

Mwisho wa zege ni bikoni

Kiwanja chako kinaishia kwenye mawe ya mpaka. Kutoka hapo kwenda barabarani ni hifadhi ya barabara, hata kama ni wewe unayeifyeka. Wakazi wa upande wa Kiluvya wanakumbuka mwaka 2017, nyumba kandokando ya Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kiluvya zilipobomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Sakafu ya zege haina kinga kubwa kuliko nyumba.

Usizibe mtaro kwa zege ili upate njia ya kuingilia. Mtaro ulioziba mbele ya nyumba moja hujaza maji nyumba tano za juu yake. Kivuko kinahitaji kalavati lenye ukubwa unaolingana na maji ya eneo, na ruhusa ya mwenye barabara: TARURA kwa barabara za mitaa na za wilaya, TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa. Anzia ofisi ya Mtendaji wa Kata au wa Mtaa, ambako utaelekezwa kwa mhandisi anayehusika. Gharama ya kalavati nayo iingie katika makadirio tangu mwanzo.

Mapatano na fundi

Fundi mwema hapendi utata, na mapatano ya maandishi humlinda yeye pia. Karatasi moja inatosha. Iandikwe urefu, upana na unene. Uwiano wa mchanganyiko. Mwinamo na upande maji yatakakoelekea. Nani ananunua nini. Nani analeta maji. Na nani atanyweshea kwa siku 7. Kila upande uwe na shahidi.

Malipo yagawanywe. Sehemu ya kwanza ilipwe kazi ya chini ikishakaguliwa: simama juu ya moramu iliyoshindiliwa, kisigino kisizame. Sehemu ya pili ilipwe zege likishamwagwa, baada ya kupima kimo cha mbao za kingo na kuhakikisha chini yake hapajajazwa udongo. Sehemu ya mwisho ilipwe siku saba za kunyweshea zikishapita. Atakayelipa yote asubuhi ya kwanza amejinyima njia ya kurekebisha kasoro.

Mwisho wa orodha, ongeza asilimia 10 hadi 15 ya jumla kama akiba ya dharura. Isipotumika, ni yako.

Ikiwa fedha haitoshi

Fedha ikipungua, wengi hupunguza unene au saruji. Huko ndiko kupoteza vyote. Punguza eneo, usipunguze ubora.

Badala ya njia nzima ya mita 3, sakafia mikanda miwili ya magurudumu, kila mmoja wa upana wa sentimita 60, na katikati acha nyasi au kokoto. Kwa urefu uleule wa mita 12, eneo linashuka kutoka mita za mraba 36 hadi 14.4. Mifuko 40 inakuwa takribani 16, na ardhi ya katikati inaendelea kunywa maji ya mvua. Njia nyingine ni matofali ya kupanga ya saruji, ambayo huweza kung'olewa na kurudishwa bomba likihitaji matengenezo, mradi kingo ziwe imara. Njia ya tatu ni kumaliza kazi ya chini mwaka huu kwa moramu na mifereji, ukaitumia hivyo, na kumwaga zege mwaka unaofuata. Ardhi iliyopitiwa na masika moja itakuwa imekuonyesha mahali inapobonyea na mahali maji yanapopita, nawe utarekebisha kwa koleo badala ya tindo.

Kuhusu wakati, miezi ya Juni hadi Septemba, baina ya masika na vuli, ndiyo inayofaa zaidi. Barabara za ndani hupitika, magari ya mchanga hufika bila kukwama, na zege halipigwi na mvua likiwa bichi. Tumia miezi ya masika kukaa barazani na kutazama: maji yanaingia wapi, yanatokea wapi, yanatuama wapi. Chora uliyoyaona kwenye karatasi, uje nayo ofisi ya kata kabla hujanunua mfuko wa kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa sakafu huzibwa vizuri zaidi kabla sakafu yenyewe haijamwagwa.